Mteja Akikwambia "Nitakulipa kwa Kripto"

Tangu niandike juu ya kutuma mizigo ng'ambo, swali linaloingia kwenye meseji zangu kila wiki ni hili: "Dada, kuna mteja anataka kunilipa kwa USDT, nikubali au ni mwizi?" Leo nimekaa chini nilijibu lote, maana ndiyo au hapana haitoshi. Mimi nilikubali. Nimepata wateja kupitia hiyo kripto ambao nisingewapata kwa njia nyingine, na pia nimepoteza shilingi 42,000 kwa uzembe wangu wa dakika kumi. Yote nitayasema.

Kwanza mjue anayeongea. Mi si mtaalamu wa kompyuta. Nilimaliza fomu 4, ada ya chuo haikupatikana, nikaanza kuuza mikoba ya kikoi kwa simu nikiwa nyumbani kwa mamangu. Sasa nina kiduka Mji wa Kale hapa Mombasa, nina mafundi wawili, na wateja wangu wengi wananipata mtandaoni. Vitambaa nanunua Mtaa wa Biashara kama kila mtu. Haya mambo ya kripto nimeyajua kwa kuuliza, kusoma usiku, na kuumia.

Ilianza na mama mmoja Mjerumani aliyekuja likizo, akanunua taulo mbili za kikoi, akarudi kwao. Baada ya miezi miwili akaniandikia: nataka mzigo wa 23,220, nikulipe kwa USDT? Nikamuuliza kwa nini asitume kawaida. Akasema ada ya benki kwa pesa ndogo kama hiyo inamuuma, na hizo USDT anazo tayari kwenye simu yake. Hiyo ndiyo sababu ya kweli inayofaa kukufanya ufikirie: mteja anazo tayari na anataka kuzitumia. Kama mteja wako anaweza kutuma hadi M-Pesa kupitia huduma za kawaida za kutuma pesa, mwache atume hivyo hivyo. Usimfundishe kripto mtu ambaye hajaiomba. Na mteja wa Bamburi anayetaka kulipa mkoba wa 800 kwa kripto, mwambie Till iko pale ukutani.

Sasa, "kripto" si kitu kimoja. Kwa mwenye duka kuna mbili za kujua.

Ya kwanza ni Bitcoin, ile iliyoanza Januari 2009. Haina mwenyewe, haina kampuni, na bei yake inapanda na kushuka vibaya. Novemba 2021 moja ilifika kama dola 69,000, na mwaka uliofuata, Novemba hiyo hiyo, ilikuwa chini ya dola 16,000. Hebu fikiria umeuza mzigo wa faida ya asilimia 25, halafu pesa uliyoshika inapungua zaidi ya robo tatu ndani ya mwaka. Faida imekwenda, na mtaji umeufuata. Kwa hiyo mtu akikulipa Bitcoin, ama ubadilishe siku hiyo hiyo, ama ujue kuwa umeacha kuwa muuza taulo, umekuwa mcheza bei. Hakuna ubaya kucheza bei, lakini usicheze na pesa ya fundi.

Ya pili ni hizi sarafu zilizofungwa kwenye dola. Maarufu ni USDT, inatolewa na kampuni inaitwa Tether, na nyingine ni USDC ya Circle. Moja inakusudiwa iwe dola moja. Nimesema inakusudiwa. Machi 2023 USDC iliteleza hadi kama senti 88 kwa siku chache, kwa sababu sehemu ya dola zinazoishikilia zilikuwa kwenye benki ya Marekani iliyoanguka, halafu ikarudi. Nyingine, TerraUSD, ilianguka Mei 2022 na haikurudi tena. Mimi napokea USDT kwa sababu ndiyo wateja wangu wanayo na ndiyo rahisi kuibadilisha hapa Kenya. Lakini silali nayo wiki nzima.

Jambo ambalo watu wengi wanachanganyikiwa ni njia. USDT ni ile ile lakini inasafiri kwenye njia tofauti. Fikiria mzigo wa kwenda Nairobi: unaweza kupanda basi au SGR, lakini ukiupeleka stesheni ya basi na mpokeaji anakungoja Syokimau, hamkutani. Kuna njia ya Tron, inaandikwa TRC-20, na anwani zake zinaanza na herufi T. Kuna ya Ethereum, ERC-20, anwani zinaanza na 0x. Halafu kuna BNB Smart Chain, BEP-20, na hii ndiyo yenye mtego, kwa sababu anwani zake pia zinaanza na 0x, zinafanana kabisa na za Ethereum. Mteja anaweza kuchagua njia moja na wewe unangoja nyingine, na simu yake isimkataze. Kama waleti ni yako mwenyewe mara nyingi pesa bado unaweza kuifikia, kwa sababu ufunguo ni ule ule. Lakini kama anwani ni ya soko la kubadilishia na hilo soko haliungi mkono ile njia, utaandikiana na huduma kwa wateja mpaka uchoke, na huenda usiipate.

Ndiyo maana sitoi anwani peke yake. Ujumbe wangu unakuwa hivi: "USDT, njia ya TRON (TRC-20) tu, kiasi 180, anwani hii, inaisha na herufi hizi nne." Halafu nangoja mteja anirudishie zile herufi nne kama anavyoziona kwake. Inachukua sekunde 30. Kuna virusi vya simu vinavyobadilisha anwani ukishainakili, unabandika ya mwizi bila kujua. Kuna pia wezi wanaokutumia senti kidogo kutoka anwani inayofanana na ya mtu uliyemtumia jana, ili siku nyingine unakili ya kwao kutoka kwenye historia. Usinakili kwenye historia hata siku moja, hasa unaporudisha pesa ya mteja.

Na kitu ambacho hakuna aliyeniambia: nauli. Kwenye njia ya Tron, ukiwa na waleti yako mwenyewe, mara nyingi huwezi kutoa USDT bila kuwa na TRX kidogo ya kulipia nauli. Mara ya kwanza nilikuwa na USDT 180 zinaning'aria kwenye simu na siwezi kuzisogeza hata inchi. Ni kama kuwa na mzigo bandarini na huna pesa ya kuli. Ilibidi nimwombe binamu yangu anitumie TRX kidogo. Kwa hiyo nunua ya nauli kabla ya kupokea malipo ya kwanza.

Bei. Mimi naandika kila kitu kwa shilingi. Mteja akitaka kulipa kripto, nachukua kiwango ambacho kweli nitapata nikiuza, si kile kizuri kinachoonyeshwa Google. Huu mfano ni wa ule mzigo wa kwanza. Dola ilikuwa 129, nikagawa 23,220 kwa 129, nikapata 180, nikamwambia mteja 180. Nilipokwenda kuuza, wanunuzi walinipa 127.50. Mia na themanini mara 127.50 ni 22,950. Shilingi 270 zimekwenda, bado nauli ya kuzihamisha, dola moja na kitu. Jumla kama 400, na kwenye mzigo ule faida yangu ilikuwa 5,000 hivi. Si msiba, lakini ni chakula cha mchana cha watu wawili. Sasa nagawa kwa 127 na namwambia mteja wazi kwamba bei hiyo ni ya dakika 30. Akikaa mpaka kesho tunahesabu upya. Hajawahi kugomba mtu.

Malipo yakishatumwa usitazame picha. Picha ya skrini si pesa, hilo tulishajifunza na zile meseji feki za M-Pesa. Lakini hapa kuna la ziada: hata waleti yako mwenyewe inaweza kukudanganya. Kijana mmoja aliingia dukani, kachagua mikoba, kapiga picha, anaongea vizuri, ananiita "dada yangu". Akatuma USDT 95. Nikafungua simu, naona kweli, USDT 95 imeingia. Nikaanza kufunga. Bahati nzuri binamu yangu alikuwa amekaa pale nje anakunywa kahawa, nikamwonyesha kwa kujisifu tu. Akaniambia, ngoja kwanza. Akabonyeza ile tokeni, akaangalia anwani ya mkataba wake, akailinganisha na ile iliyo kwenye tovuti ya Tether. Hazifanani hata kidogo. Mtu yeyote anaweza kutengeneza tokeni na kuiita USDT, kama mtu yeyote anavyoweza kushona lebo ya kampuni kubwa kwenye kiatu cha Kongowea. Yule kijana alipoona tunanong'ona, simu yake "ikaita" akatoka nje. Mpaka leo hajarudi kuchukua mikoba yake.

Tangu siku hiyo natumia daftari la wazi. Kila njia ina tovuti ambayo mtu yeyote anaweza kuona miamala yote, ya Tron ni Tronscan, ya Bitcoin kuna mempool.space. Unaweka namba ya muamala, unaona umetoka wapi, umekwenda wapi, ni tokeni gani, na umethibitishwa au bado. Bitcoin ya kawaida inathibitishwa bloku kwa bloku, kila bloku kwa wastani dakika 10, na kwa pesa kubwa watu wamezoea kungoja bloku sita. Hiyo ni saa nzima mteja kakaa kwenye benchi lako. Kwa dukani uso kwa uso haifai, ndiyo maana wenye maduka wanaopokea Bitcoin wanatumia Lightning, njia ya juu yake ambapo malipo yanafika kwa sekunde na nauli ni ndogo sana. Unatoa QR yenye kiasi, mteja anaskani, kwisha.

Hiyo Lightning ndiyo inatumika Kibera. Kuna mradi unaitwa AfriBit Africa ambao tangu 2022 umekuwa ukiwalipa vijana wa kuzoa taka kwa Bitcoin, na wenye vibanda vya mboga na maduka pale Soweto West wakaanza kuipokea. Nimeuliza sana kuhusu hilo kwa sababu wale ni watu kama sisi. Kilichonipendeza ni kwamba inazunguka: aliyelipwa anaenda kwa mama mboga, mama mboga anajua kuna wengine watakaoipokea. Bila huo mzunguko, wewe mwenye duka peke yako mtaani ndiwe unabaki na kazi ya kubadilisha kila sarafu, na ndipo hatari ilipo. El Salvador walijaribu kuzunguka kwa nguvu. Septemba 2021 serikali yao ilifanya Bitcoin kuwa pesa halali na maduka yakalazimishwa kuipokea. Januari 2025 wakabadilisha sheria, sasa ni hiari. Kama hata kwa amri ya serikali haikuenda, mimi na wewe tusijidanganye kwamba kibandiko mlangoni kitaleta foleni ya wateja.

Sasa nifike kwenye ile 42,000.

Yule mama Mjerumani alifurahia mzigo wa kwanza na akaleta oda ya kweli. Taulo 60 kwa 1,400 kila moja, jumla 84,000. Kwangu hiyo ilikuwa oda kubwa kuliko zote. Tukakubaliana nusu mbele, 42,000, akatuma USDT 326 siku hiyo hiyo. Nikakagua kila kitu kama nilivyowaeleza, safi kabisa. Nilikuwa nimeshamwahidi fundi wangu mkubwa, ambaye ni mtu mzima wa umri wa babangu na simwiti kwa jina, namwita Mzee, kwamba Ijumaa nitampa pesa ya vitambaa na posho ya wiki mbili mbele kwa sababu mwanawe alikuwa anarudi shule.

Alhamisi jioni nikaingia soko la mtu kwa mtu, ile P2P, kuuza. Kwa wasiojua, inakwenda hivi: unaweka USDT zako, mnunuzi anakutumia shilingi moja kwa moja kwenye M-Pesa au benki, na soko linazishikilia USDT mpaka wewe ubonyeze kwamba umelipwa. Ni mpango mzuri, unamlinda mnunuzi na wewe. Nilimpata mmoja anayetoa bei nzuri kuliko wengine, shilingi nzima juu. Hapo tu ningeshtuka. Pesa ikaingia benki, 42,000, kweli imeingia, nimeiona kwenye akaunti si kwenye meseji. Lakini jina la aliyetuma halikuwa jina la mnunuzi. Nikamuuliza. Akajibu haraka: "Ni akaunti ya ndugu yangu, yangu ina shida leo." Saa ilikuwa karibu tatu usiku, nimechoka, Mzee anangoja kesho asubuhi. Nikabonyeza.

Ijumaa asubuhi nimekwenda kutoa, akaunti imefungwa. Na mle ndani hamkuwa na 42,000 peke yake. Kulikuwa na 31,500 nyingine ya mauzo ya mwezi. Jumla 73,500, mtaji wangu wote karibu, siwezi kugusa senti.

Ilichukua siku mbili kupata mtu wa benki wa kunieleza. Ile 42,000 ilikuwa imetoka kwenye akaunti ya mtu aliyetapeliwa. Tapeli alimdanganya mtu fulani anunue kitu, akampa namba ya akaunti yangu alipie, halafu akaniambia mimi huyo ni ndugu yake. Yule maskini alipogundua, akaenda kushtaki, na karatasi zote zinaonyesha mwizi ni mimi. Kwake yeye mimi ndiye niliyekula pesa yake. Nilikwenda kuandika maelezo polisi, nikiwa nimebeba simu yenye mazungumzo yote ya P2P, oda ya taulo, na risiti za Mtaa wa Biashara. Mama alinisindikiza. Hakuniambia neno njia nzima, na ningependelea anigombeze.

Nataka muelewe hasa kilichotokea, kwa sababu watu wanadhani hatari ya kripto ni kripto yenyewe. USDT ikishafika na kuthibitishwa, mteja hawezi kupiga simu benki akairudisha. Kwa muuzaji hiyo ni nzuri mno. Lakini shilingi za benki zinaweza kuzuiwa, na za M-Pesa aliyetuma anaweza kuomba zirudishwe. Kwa hiyo unapouza USDT zako, unatoa kitu ambacho hakirudi na unapokea kitu ambacho kinaweza kurudi. Tapeli analijua hilo vizuri kuliko wewe. Yeye USDT zake 326 zilikuwa zimeshaondoka dakika ile ile nilipobonyeza, na hakuna benki ya kuziita.

Wiki tatu na siku nne. Akaunti ikafunguliwa na 31,500 yangu. Ile 42,000 ikarudishwa kwa mwenyewe, na kwa kweli ilikuwa haki yake. Mzee nilimlipa kwa mkopo wa chama, 30,000, na kila mkutano nilikuwa nakaa nyuma nisiulizwe. Mjerumani nilimwambia ukweli wote, akangoja, akalipa nusu ya pili, taulo zikaenda zimechelewa wiki nne. Ukipiga hesabu, nimeshona taulo 60 nikalipwa za 30. Vitambaa na ufundi peke yake vilikula zaidi ya hiyo.

Baada ya hapo karibu niache. Niliporudi, nilirudi na masharti, na haya siyavunji hata kwa mtu ninayemjua. Jina la aliyetuma pesa lazima lilingane herufi kwa herufi na jina lililothibitishwa la mnunuzi kwenye soko. Likiwa tofauti sibonyezi, nafungua malalamiko kwenye soko na kuwaachia wao waamue, na ile pesa siigusi, situmii, wala siirudishi kwa namba nyingine nitakayopewa kwenye mazungumzo. Nachukua wanunuzi wenye miamala mingi na wa muda mrefu, hata wakitoa bei ya chini. Nauza mchana siku za kazi, nisipokuwa na haraka. Nina laini na akaunti tofauti kwa ajili ya kubadilisha tu, na pesa ya duka haikai humo hata usiku mmoja. Akaunti hiyo ikifungwa kesho, mafundi watalipwa.

Na sharti kubwa kuliko yote: simwahidi mtu pesa ambayo bado ni USDT. Haraka yangu ndiyo iliyomfaa yule tapeli.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaijui, na kwa maduka ya hapa mjini naona ni bora: wewe usipokee kripto kabisa. Kuna programu kama Tando ambapo mteja mwenye Bitcoin analipa kwa Lightning kwa upande wake, na wewe unapokea shilingi kwenye M-Pesa kama malipo yoyote. Watalii wawili wameshanilipa hivyo. Mimi nilichoona ni meseji ya pesa imeingia, basi. Kazi ya kubadilisha ameibeba yeye. Mteja wa dukani akiuliza kripto, siku hizi namuuliza kwanza kama anayo hiyo.

Kuhusu serikali, kwa ufupi, maana watu mnaogopa. Benki Kuu ya Kenya ilitoa onyo tangu Desemba 2015 kwamba hizi si pesa halali ya nchi, maana yake hakuna anayelazimika kuzipokea. Oktoba 2025 ikasainiwa sheria ya watoa huduma wa mali za kidijitali, na kazi ya leseni ikapewa Benki Kuu na CMA. Inawalenga wanaotoa hizo huduma kwa watu wengine, wenye masoko na wanaobadilisha. Kwa hiyo kuuza taulo ni jambo moja, lakini ukianza kubadilishia rafiki zako USDT kwa tume ya 200 hapa na 300 pale, umeingia biashara nyingine yenye leseni yake. Binamu yangu nilimwambia hivyo akacheka, haya. Ushuru nao umebadilika: ile asilimia 3 ya kila uhamisho iliyoanza Septemba 2023 iliondolewa, na tangu Julai 2025 kuna asilimia 10 inayotozwa kwenye ada ya mtoa huduma, si kwenye pesa yako yote. Ila mauzo ni mauzo. Taulo iliyolipwa kwa USDT inaingia kwenye hesabu za KRA kama taulo iliyolipwa kwa M-Pesa. Mimi naandika tarehe, oda, shilingi, kiwango cha siku hiyo, kiasi cha USDT na namba ya muamala. Daftari hilo ndilo lililonitoa kituo cha polisi, lilipoonyesha kwamba zile 326 zilikuwa za taulo.

Halafu yale maneno ya siri. Ukifungua waleti yako mwenyewe utapewa maneno 12 au 24. Aliye nayo ndiye mwenye pesa, kwisha maneno. Usiyapige picha, usiyaweke kwenye meseji, usimtumie "huduma kwa wateja" yeyote anayekuandikia Telegram, maana hakuna huduma ya kweli inayoyaomba. Andika kwenye karatasi mbili, weka mahali pawili. Mimi moja iko kwa mama, kwenye bahasha ndani ya sanduku la leso, na anajua tu kwamba ni karatasi ya duka. Na kama unaona hilo ni zito, basi pokea kwenye soko la kubadilishia na utoe mapema, lakini usiligeuze benki yako. Wale walioacha pesa zao FTX walijua Novemba 2022.

Kwa sasa nina wateja wanne wanaonilipa kwa USDT, wote wa ng'ambo, wote wameshanunua zaidi ya mara moja. Mjerumani ni mmoja wao. Mwezi uliopita aliagiza taulo 40, akatuma nusu Jumatatu, nikauza Jumatano mchana kwa mnunuzi mwenye jina linalolingana, Mzee akapata yake Alhamisi. Mkopo wa chama nimebakisha 6,500.

Mwenye swali aandike hapo chini, msinitumie picha za skrini za waleti zenu. Na tafadhali, yule aliyeniandikia jana kwamba mnunuzi amemlipa kwa akaunti ya "mke wake": usibonyeze bado, nipigie.